Mita Sita kwa Nne: Kamera na Umbo la Picha za Mikumi

Ukimlenga kwa lenzi ya milimita 600 mnyama aliye umbali wa mita 100, kinachoingia kwenye fremu ni kipande cha dunia chenye upana wa mita sita na kimo cha mita nne. Hesabu hiyo haibadiliki, uwe porini au uwanjani kwenye mpira. Twiga dume aliyekomaa hupita mita tano, kwa hiyo hatoshi. Itabidi uchague kichwa na shingo, au kifua na miguu, ama uigeuze kamera isimame wima. Nyati anatosha na nafasi inabaki. Tembo mkubwa anatosha kwa kubanwa. Kundi la nyumbu halitoshi kabisa. Mpiga picha hajawaza lolote kuhusu mwanga wala rangi, na tayari lenzi imekwisha kumpangia nani aingie mzima na nani akatwe.

Wahakiki wa ushairi wetu huanza na fani. Huhesabu mizani, hutazama vina na kituo, ndipo waseme shairi limebeba nini. Kamera nayo inastahili kusomwa hivyo, kwa sababu ina mizani yake: upana wa fremu, kina cha fokasi, mwendo wa shata. Anayeitumia bila kuijua mizani hiyo atatoa picha nzuri, ila zitakuwa na sauti ya kiwanda kuliko yake.

Ninayoisoma hapa ni Nikon Z8, iliyotangazwa Mei 2023, ikiwa na lenzi ya Nikkor Z 180-600mm f/5.6-6.3 VR iliyoifuata Juni mwaka huohuo. Zilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 4,000 kwa kamera na dola 1,700 kwa lenzi. Jumla yake ilipita shilingi milioni 13 za Tanzania, kabla hujagusa usafirishaji na ushuru. Kamera ina gramu 910, lenzi pamoja na pete yake ya kufungia stendi gramu 2,140. Kilo tatu na ushee, basi, juu ya mfuko wa mchele uliolazwa kwenye dirisha la gari.

Nimeipeleka Mikumi kwa makusudi. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 3,230 haina sifa za Serengeti huko nje, lakini inaipa lenzi ndefu mtihani ambao Serengeti haiupi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inaikata katikati kwa takribani kilomita 50. Malori, mabasi na tembo wanagombea fremu moja.

Kinachokupokea kwanza ni ukimya. Z8 haina shata ya chuma hata kidogo. Sensa inajisoma yenyewe kwa kasi kubwa, na mlio unaousikia ni sauti iliyotengenezwa, inayotoka kwenye spika ndogo ili mkono wako uamini kwamba kuna kilichotokea. Ukiuzima, hakuna kinachosikika. Hata kwenye kidirisha cha kuchungulia hakuna giza la kupepesa kati ya picha na picha, kama lilivyokuwapo kwenye kamera za kioo. Unabonyeza na dunia inaendelea kutembea mbele ya jicho lako.

Kwa umbo la picha, hilo ni jambo kubwa. Swala pala aliye karibu na gari alizoea kugeuza masikio kila kamera ilipolia, na picha nyingi mno za swala tulizozizoea ni picha za mnyama aliyeshtuka: shingo wima, masikio mbele, macho yakimtazama aliyembughudhi. Tukaufanya mshtuko huo kuwa sura ya swala. Kwa kamera hii anaendelea kula. Kichwa kiko chini, sikio moja limeangukia upande wa inzi. Anafanana na kiumbe mwenye shughuli zake, na ni mara chache nimemwona hivyo kwenye karatasi.

Linganisha na mwanzo wa kazi hii katika nchi yetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha mwaka 1905 kitabu cha picha za wanyama alizozipiga katika nyika za kaskazini, nyingine usiku kwa mmweko wa magnesiamu, na kwa simba alitumia mnyama wa kufugwa aliyefungwa kamba kuwa chambo. Picha ya namna ile inajieleza. Mwanga unatoka upande wa kamera, kilicho karibu kinawaka, nyuma ni giza tupu, na msomaji hahitaji kuambiwa kwamba palikuwa na mtu na mtego. Picha ya Z8 haina alama yoyote ya aliyeipiga. Naupenda ukimya huu na sitaki kurudi kwenye mlio. Hata hivyo unalifuta gari, na magari mengine matatu yaliyopanga foleni nyuma yake, na mtazamaji wa Dar es Salaam au Muscat ataamini kwamba swala yule alikuwa peke yake na jua.

Upande wa muda, namba ni kubwa. Picha 20 kwa sekunde zikiwa ghafi, 30 zikiwa JPEG, na 120 ukikubali kushuka hadi megapikseli 11. Kuna jambo jingine zito zaidi: ukishikilia kitufe nusu, kamera inaanza kuhifadhi kwa muda kile inachokiona, na ukibonyeza hadi mwisho inakupa hata picha za sekunde moja iliyotangulia. JPEG pekee, lakini inakupa.

Kambu wa Mikumi, yule mwenye kifua cha zambarau na mabawa ya buluu, hupenda kukaa kwenye kijiti kikavu akisubiri panzi. Sanaa ya kumpiga picha akiruka ilikuwa sanaa ya kumjua. Huinamia mbele, kifua kinashuka, kijiti kinalemewa, na hapo ndipo kidole kinapotakiwa kitangulie. Sasa kidole kinaweza kuchelewa. Unamwona amekwisha kuruka, unabonyeza, na mruko uko kwenye kadi. Sisemi kwamba ujuzi umekufa, maana bado lazima ujue ni kijiti kipi na mwanga unatoka wapi. Ila uamuzi umehama kutoka porini kwenda mezani, mbele ya kompyuta, kwenye safu ndefu ya picha zinazokaribia kuwa moja. Na mezani kuna kishawishi: kila mtu huchagua ileile, mabawa yameinuka sawasawa, miguu imeachana na kijiti kwa kidole kimoja. Ndiyo maana picha za kambu zinaanza kufanana dunia nzima. Katika safu yangu picha yenye nguvu imetangulia hiyo kidogo. Ndege bado ameshika, kijiti kimepinda, uzito wote umekwenda mbele, na rangi ya bawa imechungulia tu kwenye mkunjo. Hapo mruko ni ahadi, na ahadi inamshika mtazamaji kuliko mruko wenyewe.

Sasa lenzi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Hairefuki unapoivuta. Vioo vinasogea ndani kwa ndani, mwili unabaki na urefu uleule wa sentimita 31 na nusu, kwa hiyo uzito hauhami na mfuko wa mchele hauhitaji kupangwa upya. Kutoka milimita 180 hadi 600 pete inazunguka nyuzi 70 tu, ambayo haifiki hata robo ya mzunguko. Kifundo cha mkono kinageuka mara moja, bila vidole kuachia na kushika tena, na pembe ya kuona inashuka kutoka karibu nyuzi 14 hadi nne. Umbo hili la pete ndilo sifa kuu ya lenzi nzima kwangu, zaidi ya ukali wake. Limeufanya uamuzi mgumu kuliko yote porini, kati ya mnyama na mahali anapoishi, kuwa mgeuko mdogo wa mkono unaoweza kuufuta na kuurudia wakati jicho bado liko kwenye kidirisha.

Mkono, hata hivyo, unapenda kwenda upande mmoja. Pesa zimelipwa kwa ajili ya 600, na pete inakimbilia 600. Tuitazame picha inayozaliwa huko. Simba jike amelala kwenye nyasi za uwanda wa Mkata, ndani ya hifadhi, mita 30 kutoka garini. Kwa f/6.3, kina cha kilicho safi ni kama mita moja. Pua, macho na masikio yanaingia humo. Mgongo unaanza kulainika, mkia ni moshi. Nyuma yake kila kitu kimekuwa rangi moja, ya ngano Septemba, ya kijani Aprili.

Nilipozikuza picha hizo kwenye kompyuta, aliyenijia akilini alikuwa mchoraji, Edward Saidi Tingatinga. Alifanya kazi Dar es Salaam kwa miaka michache tu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi kifo chake 1972, akitumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Mara nyingi huwa ni mnyama mmoja, na nyuma rangi moja au mbili zinazoyeyukiana. Sarufi ni ileile ya lenzi ndefu: mnyama mbele, nyuma patupu. Ila tazama kingo, kwa sababu hapo ndipo picha inapoamuliwa. Katika mtindo aliouanzisha, mnyama hutoshea kwenye ubao hata ikibidi shingo ipindwe na mkia uzungushwe ufuate ukingo. Kwato zimo, ncha ya mkia imo. Mchoraji amejadiliana na ubao wake hadi wakaelewana. Lenzi haijui kupinda shingo, inajua kukata. Twiga kwenye fremu ya mita sita kwa nne anapoteza miguu, na tumezizoea picha za namna hiyo kiasi kwamba hatuoni kwamba amekatwa, tunasema picha iko karibu.

Na usuli je? Rangi tupu ya Tingatinga haidai kuwa mahali. Ni jukwaa, na kila mtu anajua. Utupu wa lenzi unadai kuwa Mkata, huku umeifuta Mkata yenyewe. Vichuguu havipo, mivumo haipo, Uluguru iliyosimama buluu upande wa mashariki haipo, nguzo za umeme hazipo. Simba huyo angeweza kuwa popote penye nyasi kavu. Mchongo wa manyoya ni wa ajabu, nakiri kwa moyo wote, na kwa bei hii hakuna nilichotarajia kinachofanana nao. Nyasi zilizo mita chache tu nyuma ya mnyama hazitulii vizuri, zinajirudufu kuwa mistari miwili miwili, lakini nyuma zaidi utelezi wa rangi ni mzuri. Ninalolilia ni Mkata.

Kuna mtihani mwingine ambao hakuna lenzi inayoushinda, nao ni hewa. Udongo wa Mkata ni mweusi, wa mfinyanzi, na jua likishaukamata, kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa juu yake inaanza kucheza. Sensa ya Z8 ina pikseli 8,256 kwa 5,504. Mazigazi yakianza, pikseli hizo zote zinatumika kuichora hewa kwa uaminifu. Kizuia mtikisiko hakisaidii, kwa sababu kamera haitikisiki, kinachotikisika ni kilicho kati yenu. Dawa ni kusogea karibu au kuondoka. Walio wengi huzifuta picha hizo, na mimi nashauri zisifutwe zote. Kundi la pundamilia mita 200 mbele, saa sita mchana, milia yao ikipinda na kuachana na miili: hiyo ndiyo sura halisi ya Mkata saa hiyo, na ukali wa kamera ndio unaoifanya isomeke. Kamera dhaifu ingeonyesha ukungu. Hii inaonyesha joto.

Kuhusu mwanga wa jioni nitasema kwa kifupi. Tundu la f/6.3 ni dogo. Lenzi ya Nikon ya 600mm f/4 inaingiza mwanga karibu mara mbili na nusu, lakini ilitoka kwa dola 15,500, mara tisa ya bei ya hii, na ina zaidi ya kilo tatu peke yake. Jua likizama nyuma ya vilima vya Rubeho utapanda ISO 6400 na kuendelea, na manyoya yatapata chembe. Naona ni biashara ya haki.

Jicho la kamera linastahili usomaji wa polepole zaidi. Mashine imefundishwa kutafuta mtu, mbwa, paka, ndege na vyombo vya usafiri, na kutokana na mbwa na paka imejifunza kuwaona simba, swala na wengine wengi. Kisanduku kidogo kinaruka na kukaa juu ya jicho la mnyama kisha hakibanduki. Kwa swala anayekimbia ni msaada ambao miaka kumi tu iliyopita tungeuita muujiza. Kwa tembo, ambaye jicho lake limezama kwenye mikunjo, kisanduku mara nyingi huridhika na kichwa. Lakini kuna itikadi ndani ya kisanduku hicho: kwamba kiini cha mnyama ni jicho, na kiini cha kundi ni mmoja mwenye jicho linaloonekana. Weka mbele yake nyumbu na pundamilia wa Mkata, wengi, wamechanganyika, nusu wametupa mgongo. Kamera itamteua mmoja, na mkono wako, kwa utii, utamfuata huyo na kumweka kwenye fremu kwa ajili ya jicho lake. Kundi linageuka pambo la nyuma. Nilikizima kisanduku, nikarudi kwenye nukta moja ya fokasi niliyoiweka kwenye mgongo wa nyumbu wa katikati. Ndipo picha ikawa na mdundo wa migongo, ikishuka na kupanda hadi ukingoni, bila mfalme ndani yake. Kilichonifurahisha ni kwamba kamera inaruhusu hayo kwa kitufe kimoja ukikipangia kazi hiyo. Itikadi ipo, lakini mlango wa kutokea upo pia.

Ndipo tunafika barabarani.

Karibu na lango, tembo walikuwa wakila upande wa kaskazini wa lami. Dereva wetu, mtu mzima anayeijua hifadhi kuliko ramani, alizima injini akaniambia, "Ngoja lori lipite kwanza, mwanangu, ndiyo upige." Ni ushauri wa heshima, na kila anayewaongoza watalii Mikumi hutoa ushauri huo. Nikamwambia, "Mzee, naomba tulisubiri lingine." Akanitazama, kisha akatulia tukasubiri.

Nina sababu. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa, iliyojengwa miaka ya 1950, ndiyo iliyowafungulia wawindaji eneo la Mkata, na ni hofu ya wanyama kumalizwa iliyosababisha hifadhi kutangazwa mwaka 1964. Mwaka 1975 mipaka ikasogezwa hadi kupakana na Pori la Akiba la Selous. Barabara, kwa maneno mengine, ni kubwa kwa umri kuliko hifadhi. Vibao vyake vinamtaka dereva ashuke hadi kilomita 70 kwa saa na kumtajia faini ya kila mnyama atakayemgonga. Wanyama wanaovuka hapa usiku si wa kubuni. Picha ya tembo wa Mikumi isiyo na barabara imeondoa sura ya kwanza ya hadithi yake.

Lenzi ndefu ina tabia inayofaa sana hapa, nayo inatokana na umbali. Tembo akiwa mita 100 na lori likiwa mita 50 nyuma yake, lori linapungua kwa theluthi moja tu. Mtu aliyesimama mita 10 kutoka kwa tembo huyo na kamera ya simu angeliona lori limekuwa sehemu ya sita ya ukubwa wake, kitu cha mbali kisichodhuru. Kutoka mbali, tairi na goti vinakuwa na kimo kinacholingana. Kuna watakaosema huo ni uongo wa macho, kwamba picha imewasogeza. Nami nasema kwa mnyama anayevuka lami hiyo kila siku, kipimo cha kutoka mbali ndicho cha kweli.

Nilirudisha pete hadi 180. Kwa umbali uleule fremu sasa ni mita 20 kwa 13 na kidogo: tembo amechukua kama theluthi ya upana, nyasi ziko mbele, mstari wa lami uko nyuma ya tumbo lake, na juu vilima vya kusini. Nikashusha shata hadi sehemu moja ya 30 ya sekunde. Kamera hii inaweza kupanda hadi sehemu moja ya 32,000, na matangazo yake yanapenda namba hiyo, lakini kizuia mtikisiko cha lenzi na kidirisha kisichopepesa vinaifanya iwe mahiri pia kwenye mwendo wa pole. Lori lilipokuja, tembo alikuwa amesimama akitafuna. Yeye ametoka safi, hadi matope yaliyokauka kwenye sikio. Lori limekuwa mfereji wa rangi uliolainika kingo, kwenye kimo cha bega lake.

Pikseli milioni 45 zinanitosha kuikuza picha hiyo hadi ukutani. Kwato nne zimo na mkonga umo, pamoja na lami na vilima. Ni picha ninayoitetea mbele ya zile za simba, na imetoka kwenye ncha ya lenzi ambayo wengi wanaoinunua lenzi hii hawaifuati.